Picha kwanza, ng'ombe baadaye: mwongozo kwa mwenye nyonga inayokufa

Usiuze ng'ombe bado. Upasuaji wa kupandikiza mfupa ili kuokoa nyonga humfaa mtu ambaye kichwa cha paja lake hakijabonyea, na jambo hilo huonekana kwenye picha, halipimwi kwa ukali wa maumivu. Wapo wanaolia usiku kucha na bado wana nafasi nzuri, na wapo wanaotembea bila fimbo lakini wamekwisha kuchelewa. Familia ya Rapsu, huku Isiolo, ikiamua kupeleka mgonjwa hospitali kubwa huanza kwa kuhesabu mifugo ya kuuza. Mimi ningeomba hesabu hiyo iwe ya mwisho. Tafuta picha, ujue ugonjwa umefika hatua gani, uzungumze na daktari bingwa wa mifupa, ndipo mnunuzi aitwe bomani.

Kichwa cha paja ni lile tufe la juu la mfupa wa paja linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Damu yake nyingi hupanda kutoka chini kwa mishipa myembamba iliyolala juu ya shingo ya mfupa huo. Anayelima kwa mifereji ya Rapsu hahitaji maelezo marefu: mdomo wa mfereji ukizibwa, shamba la mwisho ndilo hukauka kwanza, maana halina mahali pengine pa kupata maji. Damu ikikatika, mfupa ulio chini ya gegedu hufa, lakini haubomoki siku hiyo. Unaweza kubeba uzito wako kwa miezi mingi huku mwili ukiuondoa polepole ili ujenge mpya. Ni katika kazi hiyo ya kuondoa ndipo unapodhoofika, ukapasuka chini ya gegedu, na kichwa kikabonyea. Tufe likipoteza uduara wake husaga kikombe, na kiungo kizima huharibika. Kidonda kikubwa (yaani sehemu ya mfupa iliyokufa) kisichotibiwa mara nyingi humaliza safari hiyo ndani ya miaka miwili au mitatu, na nafasi ya kupandikiza mfupa iko katika sehemu ya mwanzo tu ya muda huo.

Maumivu yanayopotosha

Nyonga ikiugua, mtu hushika kinena. Wengine hushika tako, na wapo wanaoumwa goti tupu hata wakapigwa picha ya goti, ikatoka safi, wakarudishwa nyumbani na vidonge. Ukiumwa goti na picha yake haina kasoro, omba nyonga iangaliwe.

Katika nyanda kame za Isiolo kuna kikwazo kingine: kila maumivu ya mgongo na nyonga huitwa brusela. Dhana hiyo ina msingi, kwa kuwa tunakunywa maziwa mabichi ya ng'ombe na ngamia, na brusela kweli hushambulia nyonga na kiungo cha chini ya mgongo. Basi ipimwe, na ikipatikana itibiwe mpaka mwisho, kwa kawaida wiki sita za dawa mbili kwa pamoja. Lakini brusela huja na homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku na uchovu. Ukiwa umemaliza dozi na kinena bado kinauma unapokanyaga, usikubali dozi ya pili kabla ya eksirei ya nyonga. Kifua kikuu nacho huingia kwenye nyonga, na hicho huja na kukonda na homa za jioni. Daktari lazima ayatenge magonjwa haya kabla ya kuzungumzia kupandikiza mfupa, kwa kuwa mfupa uliopandwa mahali penye vijidudu haushiki.

Kuna kipimo unachoweza kufanyiwa mkekani, ilimradi hujaanguka wala kugongwa karibuni. Lala chali, kunja nyonga na goti mpaka paja lisimame wima. Mtu ashike kifundo cha mguu na kuusogeza wayo upande wa nje, taratibu, goti likibaki palepale. Alinganishe na mguu wa pili. Upande mmoja ukigoma mapema, au ukichoma kinena, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya kiungo cha nyonga. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinakupa tu sababu ya kupanda gari.

Kuchoma ngozi ya nyonga kwa chuma cha moto hakufiki kwenye mfupa huu, na kovu bichi huahirisha upasuaji kwa kuwa daktari hapiti kwenye ngozi yenye kidonda.

Ajali, vidonge na sindano

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni ajali. Shingo ya paja ikivunjika au nyonga ikiteguka, ile mishipa myembamba hukatika au kubanwa. Nyonga iliyoteguka inatakiwa kurudishwa ndani ya saa chache, na madaktari hulenga zisizidi sita. Ukipima umbali kutoka Rapsu hadi mahali penye nusukaputi, utaona hakuna nafasi ya kumpitisha majeruhi kwa mvutaji wa mifupa kwanza. Aliyeanguka na pikipiki, mguu wake ukawa umefupika na kupinda kwa ndani, alazwe juu ya ubao asafirishwe. Na akishatibiwa akapona, asisahau: kufa kwa kichwa cha paja kunaweza kujitokeza mwaka mmoja au miwili baada ya ajali, wakati yeye amesharudi malishoni.

Sababu ya pili ni steroidi, yaani dawa kama prednisoloni na deksamethasoni. Zinaokoa maisha ya mwenye pumu kali, ugonjwa wa figo au magonjwa ya kinga, na mtu asiziache ghafla kwa kusoma makala hii. Kuziacha ghafla kunaweza kumuua. Hatari iko kwenye dozi kubwa za muda mrefu, na zaidi kwenye zile ambazo mtu hajui kuwa anazinywa: vidonge vya kunenepa vinavyouzwa bila karatasi, dawa za mchanganyiko za "viungo vyote", sindano ya maumivu inayorudiwa kila mwezi kwenye duka la dawa. Sindano inayoondoa maumivu kesho yake, kisha yakarudi baada ya wiki chache, uliza ina nini. Muuzaji akikataa kutaja jina, ondoka.

Wenye selimundu wako hatarini tangu ujana. Ugonjwa huo ni wa pwani na magharibi mwa Kenya zaidi kuliko wa wafugaji wa kaskazini, lakini watu huoana na kuhama. Wanaoishi na VVU nao hupata tatizo hili zaidi ya wengine, nao pia wasiguse ratiba ya dawa zao. Pombe nyingi ya miaka mingi imo kwenye orodha. Kuna pia wagonjwa ambao sababu yao haijulikani kamwe. Kwa mtoto wa miaka minne hadi minane anayechechemea bila kuanguka, jina la ugonjwa ni Perthes, na tiba yake ni tofauti kwa kuwa mfupa wa mtoto hujijenga upya ukilindwa. Huyo apelekwe kwa madaktari wa mifupa ya watoto, kama wa hospitali ya CURE pale Kijabe iliyofunguliwa mwaka 1998.

Picha, na namna ya kuisoma

Anza na eksirei. Omba picha mbili: moja ya mbele inayoonyesha nyonga zote mbili kwa pamoja, na nyingine paja likiwa limekunjwa na kufunguliwa kando. Ile ya pili ndiyo hufichua ufa mwembamba chini ya gegedu, ambao madaktari huuita mwezi mwandamo kwa umbo lake. Watu wengi hupigwa ya mbele peke yake, wakaambiwa nyonga ni nzima.

Ugonjwa hupangwa kwa hatua nne, kwa utaratibu ulioanzishwa na Ficat na Arlet wa Ufaransa. Katika hatua ya kwanza eksirei haionyeshi kitu. Picha ya MRI ndiyo inayoona. Katika ya pili eksirei ina mabaka meupe na vijitundu, lakini tufe ni duara bado. Ya tatu ni ile ya ufa na kubonyea. Ya nne, kikombe nacho kimeharibika. Kupandikiza mfupa ni tiba ya hatua ya kwanza na ya pili, na kwa nadra mwanzo kabisa wa tatu kwa kijana ambaye daktari wake anataka kumnunulia miaka kabla ya kumwekea nyonga ya bandia.

Hatua peke yake haitoshi. Uliza ukubwa wa kidonda. Kwenye MRI hupimwa pembe ya sehemu iliyokufa katika picha mbili na kujumlishwa: ikiwa chini ya digrii 190, nyonga nyingi husalimika, ikizidi 240, nyingi hubonyea hata zikihudumiwa. Uliza pia kidonda kiko wapi. Kikiwa upande wa ndani, nje ya eneo linalobeba uzito, una bahati.

MRI ipigwe kwa nyonga zote mbili kwa malipo ya mara moja. Ugonjwa usiotokana na ajali hupenda kushika pande zote mbili, na upande usiouma ndio mara nyingi uko hatua ya kwanza, yaani ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Nikilazimika kuchagua gharama moja ya kutoikwepa katika safari hii yote, ningechagua hii. Piga simu kabla ya kusafiri uulize kama mashine inafanya kazi na bei ni ngapi. Picha ichukue kwenye diski, usiridhike na karatasi ya maelezo, kwa sababu daktari wa pili atataka kuiona mwenyewe.

Kinachofanyika chumba cha upasuaji

Katika miaka ya 1960 Ficat na Arlet walitoboa tundu kwenye shingo ya paja ili kuchukua kipande cha uchunguzi, wakaona wagonjwa wanapata nafuu. Tundu lilipunguza shinikizo ndani ya mfupa. Mpaka leo upasuaji mwepesi kabisa wa kuokoa nyonga ni huo: kijichanjo kando ya paja, waya unaoongozwa na eksirei ya chumba cha upasuaji, kisha njia inatobolewa kupitia shingo mpaka kwenye sehemu iliyokufa. Kwa kidonda kidogo hutosha. Mara nyingi huongezewa uboho uliochukuliwa kwenye mfupa wa nyonga na kuchujwa, mbinu iliyosambazwa na Hernigou wa Ufaransa. Ninasisitiza: uboho huwekwa kupitia tundu hilo, ndani ya mfupa. Anayekuuzia sindano ya "seli mama" ya kudungwa kinenani akiwa kliniki ya ghorofani, bila tundu na bila chumba cha upasuaji, anakuuzia kitu kingine.

Kidonda kikiwa kikubwa zaidi, tundu tupu halitoshi kwa kuwa paa la tufe halina nguzo. Hapo ndipo kipandikizi kinapoingia. Mnamo 1949 Phemister wa Chicago alieleza namna ya kuingiza vijiti vya mfupa mgumu kupitia njia hiyo ili vishikilie paa. Leo daktari hukwangua mfupa uliokufa, akashindilia mfupa laini unaochukuliwa kwenye ukingo wa nyonga yako mwenyewe, na pengine akaongeza kipande cha ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi kiwe nguzo. Mfupa huu hauna mshipa wake; ni jukwaa ambalo mfupa mpya hupanda juu yake polepole.

Ya juu kabisa ni kuhamisha mfupa mwembamba wa mguu pamoja na mshipa wake wa damu, na kuushona mshipa huo kwenye mshipa wa paja chini ya darubini. Urbaniak wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alianza kazi hiyo mwaka 1979. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1995 ni ya kutia moyo na ya kutia adabu pia: kati ya nyonga 103 zilizofuatiliwa kwa miaka mitano au zaidi, 31 ziliishia kubadilishwa kwa za bandia. Na hiyo ni timu iliyobobea katika kazi hiyo. Ni upasuaji wa saa nyingi, unahitaji mabingwa wa kushona mishipa midogo, na mguu uliotoa mfupa unaweza kubaki na maumivu ya kifundo au kidole gumba kilichojikunja. Kuna njia ya katikati inayopendwa India na China, ya kusogeza kipande cha mfupa wa nyonga kikiwa bado kimeshikana na msuli au mshipa wake, bila kushona chochote kwa darubini.

Ukikaa mbele ya daktari, muulize amefanya mara ngapi upasuaji wa aina anayokushauri, na ni wangapi ambao nyonga zao hazijabadilishwa baada ya miaka mitano. Muulize mfupa utatoka wapi. Muulize kama kidonda chako hakistahili kuachiwa hivyo hivyo au kusubiriwa nyonga ya bandia. Daktari mwenye uzoefu haudhiki na maswali haya. Akikwambia tufe limebonyea na anataka kupandikiza hata hivyo, chukua diski yako utafute maoni ya pili; hapo ndipo ng'ombe huuzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kipandikizi na mara ya pili kwa nyonga ya bandia ambayo ingewekwa tangu mwanzo.

Njia na malipo

Rapsu iko wadi ya Kinna, Garbatulla. Safari huanza zahanati kwa afisa wa kliniki na barua ya rufaa, na barua hiyo usiidharau: bila mlolongo wa rufaa, bima husumbua. Kutoka Kinna watu wengi hupanda kwenda Maua, kwenye milima ya Nyambene, iliko hospitali ya Wamethodisti; wengine huenda Garbatulla au mjini Isiolo kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti. Eksirei na vipimo vya brusela visikupite huko. Kwa daktari bingwa kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, na ikibidi kwenda mbali zaidi kuna Kenyatta jijini Nairobi, AIC Kijabe, na PCEA Kikuyu yenye jina katika upasuaji wa mifupa. Simu ya kuuliza aina ya upasuaji na siku ya kliniki ni nafuu kuliko nauli.

Bima ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili ni kwa *147#, ada ya chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Lipa kabla ugonjwa haujakulaza kitandani. Upasuaji uliopangwa huhitaji idhini ya awali, kwa hiyo usilazwe kabla hospitali haijakwambia idhini imetoka na ni kiasi gani kitabaki juu yako. Mchango wa ukoo upangwe kwa hicho kinachobaki na kwa miezi ya kukaa bila kazi, kwani hiyo miezi ndiyo watu husahau.

Tazama pia mvua. Mvua ndefu za ganna zikianza Machi na fupi za hagaya Oktoba, barabara hukatika na udongo huteleza, na mtu wa magongo hawezi kuvuka lugga, yaani mto wa msimu. Ukiweza, panga kurudi nyumbani wakati wa kiangazi. Lakini kusogeza tarehe kwa wiki chache ni jambo moja, na kusubiri mavuno mpaka mwaka upite ni jambo lingine kabisa.

Miezi ya magongo

Kipandikizi kinaweza kushindwa nyumbani, si hospitalini tu. Kwa tundu na mfupa wa kawaida, tarajia magongo kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Kwa mfupa uliohamishwa na mshipa wake, kadiri ya miezi sita. Sababu ni mbili. Mfupa mpya haujashika, na lile tundu kando ya paja ni mahali dhaifu panapoweza kuvunjika ukikanyaga kwa nguvu mapema. Wengi hutupa magongo kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu huisha wiki nyingi kabla ya mfupa kukomaa, kwa hiyo ngoja eksirei iamue.

Magongo yawe na mpira mpana chini, maana membamba huzama mchangani. Kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Gongo likikaa kwapani hubana mishipa ya fahamu na mkono hufa ganzi. Mfereji wa shamba usiuruke. Uwekewe ubao, au usivuke.

Choo cha shimo ni tatizo kubwa, si kwa kuchuchumaa peke yake bali kwa kuinuka, ambapo nyonga hubeba mzigo mkubwa. Fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu kabla hujatoka hospitalini. Kigoda kifupi na mkeka vipumzike. Tafuta kitanda kinachofika magotini na kiti chenye mikono. Swala iswaliwe kwenye kiti, ukiinama kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sijida. Dini imemruhusu asiyeweza kusimama, na ukiona haya muulize imamu mbele ya watu wa nyumbani wakusikie wote. Ukiwa na dawa za mchana, mweleze daktari kuhusu Ramadhani mapema.

Kidonda cha upasuaji kikaguliwe zahanati, nyuzi zitolewe siku ya kumi hadi ya kumi na nne. Usaha, homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, panda gari siku hiyo hiyo. Ukibanwa pumzi ghafla, usingoje asubuhi. Sigara iache kabisa, kwa kuwa hubana ile mishipa midogo unayojaribu kuirudisha. Boda boda isubiri ruhusa ya daktari, na ukitoka Meru au Nairobi kaa kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma, mguu umenyooka, ukishuka kila baada ya saa moja na nusu kunyoosha.

Eksirei za kufuatilia hupigwa kwa kawaida wiki ya sita, mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka, na kila mara nyonga ya pili itazamwe pia. Kichwa kikibonyea licha ya yote, nyonga ya bandia bado inawezekana. Siku hiyo mpelekee daktari maelezo ya upasuaji wa kwanza na diski za zamani, hasa kama uliwekewa mfupa mgumu wa mguu, kwa sababu mfupa huo hukaa katikati ya njia ambayo nguzo ya bandia inapita na anahitaji kuleta vifaa vya kuutoboa.